Nasari ya kando ya barabara Jinja: mche wa kipepeo bluu chukua, unga wa mizizi waachie wenyewe

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka chini: mche wenyewe na jinsi wanavyokuelekeza nawapa nyota nne kati ya tano, ule unga wa kuotesha mizizi wanaouza pale pembeni nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya kikopo maana sasa nawekea vifungo.

Nasari yenyewe ya miche siitaji jina na wala haina kibao. Ni zile za kando ya barabara huku kwetu Jinja, Uganda, unaona makavera meusi (mifuko ya plastiki ya miche) yamepangwa chini ya mwembe, neti imechanika upande mmoja, jerikeni za maji zimejipanga, na mzee kakaa kwenye kigoda redio iko sikioni. Ziko nyingi, ukiishi Walukuba au Mafubira kama sisi unapita mbele yake kila siku bila kusimama, mpaka siku unataka kitu cha kuziba ukuta wa landilodi usiopakwa rangi tangu enzi za Obote ndio unaanza kuuliza bei.

Mimi nilifuata kipepeo bluu. Wapenda maua wanaujua, ni kichaka kinachofika urefu wa mtu na zaidi ukikiachia, matawi marefu yanainama inama, na maua yake ndiyo habari yenyewe: petali nne za bluu nyepesi karibu na weupe, halafu ile ya tano iko chini peke yake na ni zambarau iliyoiva, na katikati zinatoka nyuzi ndefu zimejipinda kwenda juu kama masharubu ya kambale. Kitaalamu ni Rotheca myricoides, lakini ukienda kutafuta kwenye intaneti tafuta pia Clerodendrum ugandense maana vitabu vingi vya bustani vimebaki na jina la zamani, jenasi ilibadilishwa 1998. Na ndiyo, hiyo ugandense ni Uganda hii hii. Mmea ni wa kwetu, unaota wenyewe porini kuanzia Ethiopia kushuka mpaka kusini mwa Afrika, pembeni mwa misitu na kwenye vichaka, na waganga wa mizizi wanaujua miaka mingi kabla yetu sisi wa maua. Wenzetu Uingereza wanaulea ndani ya nyumba za vioo kwa sababu baridi yao inaumaliza, sisi tunaupita njiani tunakwenda kununua bogenvilia.

Sasa sikiliza kijana wa pale. Nimeuliza bei akaniambia elfu ishirini. Nikamuuliza mbona, duranta pale ni elfu tatu. Akasema, "Maama, hii ni ya nje hii, inatoka Sausi." Jamani! Duranta ndiyo imetoka bara la Amerika, bogenvilia Amerika ya Kusini, ixora India na Sri Lanka, lantana nayo Amerika na sasa imetushinda mpaka mashambani, halafu mwenyeji peke yake kwenye hiyo nasari ndiye anauzwa kwa paspoti ya Sausi. Nadhani anauchanganya na ule mwingine wa bluu, plumbago, ule ndio kwao Afrika Kusini kweli. Nikamwambia huyu kazaliwa hapa kabla yako wewe na mimi, mzee kule kwenye kigoda akacheka akazima redio, akasema "mpe elfu kumi huyo, anajua anachotaka." Kwa hiyo somo la bei ni hilo, ukionekana hujui unalipa ya mgeni. Sio pale tu, kwingine ni hivyo hivyo, na mimi simlaumu sana mtu anayeuza mmea ambao kati ya wateja ishirini pengine mmoja ndio anauulizia. Tabia ya kuthamini cha nje tumeirithi, hata ile bustani ya Entebbe ilipoanzishwa 1898 kazi yake kubwa ilikuwa kujaribu mimea ya biashara ya kuletwa.

Kabla hujatoa pesa hakikisha ni wenyewe. Majani yanatoka mawili mawili yakiangaliana, wakati mwingine matatu kwenye jicho moja (pale kwenye shina majani yanapochomoza), na pembeni yana meno. Likate jani ulisugue kati ya vidole unuse: harufu mbaya, sio ya kuua mtu lakini huwezi kusema ni manukato. Kama halinuki na ua ni petali tano sawa sawa, umepewa kitu kingine. Angalia pia kavera chini kwenye matundu, mizizi michache myeupe ikichungulia ni dalili nzuri, ikiwa imejisokota kama kamba hapo mche umekaa sana. Halafu shika shina karibu na udongo ulivute kidogo tu. Kuna wauzaji wanang'oa vichaka porini asubuhi wanasindilia kwenye kavera, jioni unauziwa, unapendeza hadi nyumbani halafu wiki ijayo ni kuni. Pale kwa mzee nilivuta na udongo ukaja nao, ameotesha mwenyewe, kwa hilo nampa heshima yake.

Nyota nne lakini sio za mche peke yake, ni za vile alivyonifundisha. Nilimwambia mzee mimi sina hela ya kununua miche ya kufunika ukuta mzima, nataka mmoja nizidishe mwenyewe. Mfanyabiashara mwingine angenuna. Huyu akanyanyuka, akachukua wembe, akaupangusa kwa spiriti, akanipeleka kwenye mama mche wake ambao uko nyuma kule karibu na tangi. Akasema "mwanangu usikate lenye maua, hilo akili yake iko kwenye mbegu." Akapapasa matawi mpaka akapata moja ambalo ganda lake kwa chini limeanza kugeuka kahawia lakini kwa juu bado kijani. Akalikunja kidogo: ile laini sana inapinda tu na ukiipanda inaoza, ile ngumu sana haipindi na inachukua muda mrefu kutoa mizizi, hii ya katikati ukiikunja inalia. Akakata urefu kama wa kalamu ya wino, macho matatu au manne ndani yake, na kule chini akakata chini kidogo ya jicho, sio katikati, kwa sababu mizizi inapenda kutokea pale jichoni. Majani ya chini akayatoa yote. Ya juu akabakisha mawili na hayo mawili akayakata nusu kwa makasi, na hapa watu wengi wanaona huruma lakini fikiria, kipandikizi, yaani hilo tawi la kupanda, hakina mizizi, hakinywi, na kila jani linazidi kutoa maji hewani, ukiliacha zima linakauka na kila kitu.

Udongo wake ni nusu mchanga wa ziwa uliooshwa na nusu mboji ya maganda ya kahawa yaliyooza kabisa, maana mabichi yanapata moto. Mbolea hakuna. Anatoboa shimo kwanza kwa kijiti, ndipo anaingiza kipandikizi, jicho moja au mawili yazame, anabana udongo kwa vidole viwili, anamwagia maji taratibu, anafunika. Yote hiyo haikuchukua muda wa kumaliza soda, na hakunidai hata shilingi, tena akanipa yale matawi aliyokata yamefungwa kwenye gazeti lenye maji nikaendelee nyumbani. Akasema kata asubuhi mapema wakati mmea umejaa maji, ukikata saa saba mchana unajisumbua.

Sasa tuje kwenye huo unga. Mzee alivyoenda kusali kijana akaniletea kikopo, "maama hii ni homoni, bila hii havitoki." Elfu kumi na tano, yaani unga ni ghali kuliko mche! Nikauchukua kwa sababu nilitaka kujua, na ninaandika hapa kwa sababu hiyo hiyo. Kikopo ni kile kidogo cheupe, hakina lebo, hakina tarehe, hakijaandikwa nguvu yake. Unga wa kweli wa mizizi ndani yake kuna kitu kinaitwa IBA, na kinauzwa kwa nguvu tofauti, mashina malaini kwa kawaida ni asilimia 0.1, yaliyokomaa kiasi asilimia 0.3, magumu ya miti asilimia 0.8. Ukiweka kali kwenye shina laini unaliunguza, ukiweka hafifu kwenye gumu hakuna kitu. Sasa wewe unaninunulisha unga bila kuniambia ni upi, na umekaa juu ya meza jua linaupiga toka asubuhi wakati kitu hicho joto na mwanga vinakiharibu, kinatakiwa kukaa gizani mahali pa baridi. Nikimuuliza kijana ni asilimia ngapi ananiambia "ni istrong." Sawa.

Nyumbani nikafanya haki. Sanduku moja, udongo mmoja, matawi ya mama mmoja, nusu nimechovya unga nusu sikuchovya, nikaweka alama kwa vijiti vya mishikaki. Baada ya wiki nne tano hivi nikaanza kuvuta kidogo kidogo, unavuta kwa vidole viwili kama kinashika ujue kuna mizizi. Tofauti hakuna. Vyenye unga vimeshika, visivyo na unga vimeshika, vilivyokufa vimekufa pande zote mbili na vingi ni vile vya ncha laini ambavyo mzee alishanikataza. Hata ule unga ungekuwa mzima sidhani ungeongeza kitu kikubwa, huu mmea unajiotea wenyewe ukiupa unyevu na kivuli. Homoni tafuta kwa vichaka vile vyenye kiburi, na hata hapo nenda kwenye duka la pembejeo lenye risiti ununue kilichofungwa chenye tarehe, pembejeo feki nchi hii kila mtu analijua tatizo lake. Ukiwa nao, mimina kidogo pembeni ndio uchovye, usiingize shina lenye maji kwenye kikopo kizima, na kung'uta unaozidi.

Najua mtu ataandika hapa chini habari za asali, mdalasini, na maji ya alovera. Zile video nimeziona na mimi. Asali haina homoni ya mizizi, kazi yake pengine ni kuzuia vijidudu kwenye kidonda, haidhuru, ila kwa bei ya asali inayotoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mimi naiweka kwenye chai.

Pia wanauza kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa kuoteshea, elfu thelathini, kizuri kwa macho. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako inafanya kazi ile ile, kifuniko unafungua mchana unafunga usiku. Au kavera jeupe juu ya vijiti vya mianzi. Kinachoua vipandikizi hapa kwetu sio kukosa vifaa, ni jua. Plastiki angavu ikikaa juani saa sita ndani yake panageuka sufuria, jioni unakuta majani yamepikwa. Weka chini ya mti au upande wa ukuta usiopata jua la mchana. Cha pili ni maji mengi, kipandikizi kikianza kuwa cheusi kuanzia chini kwenda juu kitoe haraka, hakiponi hicho na kinaambukiza. Cha tatu ni mchwa, sanduku lisikae chini kwenye udongo, liinue kwenye matofali. Na kuku wa jirani, lakini huyo hana dawa.

Kwa ambaye hata hayo anaona ni kazi, matawi ya huu mmea ni marefu na yanainama, chukua moja la chini, lichune ganda kidogo kwa chini, lizike kipande chake kwenye udongo hapo hapo bila kulikata, weka jiwe juu, ncha iachie itokeze. Litatoa mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama, ukiona limeanza kusukuma majani mapya unalikata unahamisha. Hasara ni kwamba unapata mche mmoja mmoja. Na ukichunguza chini ya kichaka cha zamani mara nyingi kuna machipukizi yamejitokezea kwenye mizizi, hayo ni bure kabisa, unachimba na kipande cha mzizi. Mbegu zipo, vitunda vyeusi vikiiva, lakini sioni sababu ya kusubiri mbegu wakati tawi linakubali.

Kuhamishia bustanini subiri mvua ikolee, ile ya Machi mpaka Mei au ya Septemba mpaka Novemba, ila siku hizi mvua nayo ina mambo yake kwa hiyo angalia mawingu kuliko kalenda. Kabla ya hapo uzoeshe mche jua pole pole. Ukishashika, ncha ikate kwa kucha ili utoe matawi ya pembeni, usipofanya hivyo unapata fimbo mbili ndefu zenye maua juu huko kwenye waya wa simu. Maua yanatoka kwenye matawi mapya, ukishaona maua yamepungua punguza kichaka bila huruma, na hayo unayokata ndiyo vipandikizi vyako vingine, mimi nimeshagawia nusu ya ploti.

Ambao sikuwategemea ni nyuki. Sio wa asali, ni wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa, wanakuja asubuhi wanakamata ile petali ya zambarau wananing'inia nayo. Kaa uangalie: ua likiwa jipya nyuzi za chavua zimenyooka mbele na zinamgusa nyuki mgongoni, ule uzi wa kike umejikunja pembeni. Baadaye zile za chavua zinajisokota zinarudi nyuma na wa kike unanyooka unachukua nafasi ile ile, kwa hiyo nyuki akitoka kwenye ua changa akienda kwenye lililokomaa anaacha chavua pale pale inapotakiwa. Mume wangu alikuwa ananiuliza nimesimama nini ukutani na kikombe cha chai imepoa, nikamwonyesha, sasa anasimama na yeye.

Malalamiko mengine ya nasari kwa haraka: risiti hawatoi, meseji za wasap wanajibu kesho yake, na kijana ukimwachia nafasi atakuuzia unga, kisanduku, mbolea ya kijani ya chupa na ndoano ya kutundikia kitu ambacho huna. Boda wao walionitafutia alifunga mche kwa mpira wa tairi akavunja matawi mawili, ingawa kwa mmea huu tawi lililovunjika ni kipandikizi tu kwa hiyo sikununa sana. Upande mwingine Hajati jirani yangu alirudisha mwanzi wa maua uliomkaukia, mzee akauangalia mzizi, akampa mwingine bila maneno.

Ukienda nenda asubuhi kabla ya saa nne, uulizie mzee mwenyewe, mwambie unataka wa bluu wenye majani ya meno unaonuka, ukisema tu "maua ya bluu" kijana atakushikisha duranta. Anza na elfu saba, utafika kumi. Malipo keshi au mobail mani, ila pesa ya kutolea utaongeza wewe.